Kiwanja cha Iyumbu na barua ya Nairobi

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma, mjane, nina watoto wawili. Wa kwanza amemaliza kidato cha sita kwa division one, akapita JKT, na sasa amechaguliwa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), Sayansi ya Kompyuta, miaka mitatu. Wakati huohuo amepata nafasi ya kozi hiyohiyo kwenye chuo kikuu binafsi cha Nairobi chenye jina kubwa, miaka minne. Ada ya huko ukiibadilisha ni kama milioni 11 kwa mwaka, chakula na chumba mbali. Baba yake mdogo yuko Arusha, anasema UDOM ni kusomea nyumbani na vyeti vyake vimejaa mtaani. Ameahidi kulipa mwaka wa kwanza wa Nairobi. Marehemu mume wangu alituachia kiwanja Iyumbu, kuna mteja anatoa milioni 22. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya serikali hatujaomba maana wanasema mtoto wa mtumishi hapati. Mdogo wake yuko kidato cha nne. Je, niuze?

Jibu: Mwalimu, marahaba, ingawa nina wasiwasi tumelingana, na kwa heshima ya chaki shikamoo ilitakiwa itoke kwangu. Hongera sana. Mtoto wa mshahara mmoja wa mwalimu kupata division one si jambo la kupita nalo haraka, na nataka kijana ajue kwamba ninachoandika hapa hakipunguzi thamani ya barua ile ya Nairobi. Aliipata kwa akili yake.

Usiuze. Mpeleke UDOM.

Sababu yangu kubwa si ubora wa chuo hiki au kile. Sababu umeiandika mwenyewe pale mwisho, kabla ya kuuliza: "Mdogo wake yuko kidato cha nne." Umeipitia mbiombio, kama mtu anayetaja jina la kata. Mimi nimeirudia mara tatu. Kama huyo mdogo ataendelea vizuri, atafanya mtihani wa taifa Novemba, ataingia kidato cha tano Julai mwakani, na miaka miwili baadaye atakuwa anatafuta chuo. Sekondari haikuumizi sana upande wa ada, kwa kuwa ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa 2016 na ya cha tano na sita ikaondolewa 2022. Ada yake ya kweli inakusubiri chuo kikuu. Sasa weka kalenda mbili mezani. Kaka yake akisoma UDOM miaka mitatu, atakuwa anamaliza pale mdogo anapoanza. Akiwa Nairobi, mdogo ataanza chuo kaka akiwa ndiyo kwanza anaingia mwaka wa nne, kiwanja kilishauzwa na hela ilishakwisha.

Najua ilishakwisha kwa sababu nimepiga hesabu. Ada milioni 11 mara miaka minne ni milioni 44. Chumba na chakula Nairobi kwa mwanafunzi anayejibana, tuseme shilingi 30,000 za Kenya kwa mwezi, ambayo si hela ya starehe, ni kama laki 6 zetu. Kwa miezi kumi ya mwaka wa masomo ni milioni 6, kwa miaka minne milioni 24. Jumla milioni 68, na hapo sijagusa kompyuta, bima, wala nauli ya basi kupita Babati, Arusha na Namanga kila likizo. Upande wa pili una milioni 22 za kiwanja na milioni 11 za shemeji yako. Ni 33. Mwaka mmoja wa Nairobi unakula 17. Kwa hiyo fedha yote inakatika kabla mwaka wa pili haujaisha, na umebaki na pengo la milioni 35 na mtoto aliye katikati ya safari, mahali ambapo ukisimamisha ada anatolewa kwenye mtihani.

Halafu kuna ubadilishaji wa fedha, ambao wazazi wengi huuona wakiwa wameshafika dirishani. Mwanzoni mwa 2024 shilingi moja ya Kenya ilikuwa kama 16 za kwetu. Kufika katikati ya mwaka uleule ilikuwa inagonga 20, kwa sababu shilingi ya Kenya ilijikaza dhidi ya dola huku yetu ikilegea. Chuo hakikupandisha ada hata senti. Mzazi wa Tanzania aliyekuwa analipa shilingi 500,000 za Kenya alikwenda kulala anadaiwa milioni 8, akaamka anadaiwa milioni 10. Inaweza pia kugeuka ikawa nafuu kwako, sikatai, lakini mshahara wa Halmashauri haupandi wala kushuka kwa kufuata soko la fedha, na wewe ndiye utakayebeba tofauti.

Hizo milioni 35 zingetoka wapi? Nadhani jibu unalo, na ndilo linalonitia hofu. Mtumishi wa umma ni mteja mtamu kwa benki. Unaingia saa nne, saa nane una mkopo wa miaka saba, na kanuni inayotaka ubakiwe na theluthi moja ya mshahara ndiyo kinga pekee uliyo nayo. Theluthi ikishaguswa, benki zinafunga mlango na wanafungua wale wakopeshaji wa mtaani, wa kausha damu. Nimekaa na mwalimu mmoja, jina lake litabaki kwangu, ambaye kadi yake ya benki ilikuwa kwenye droo ya mkopeshaji pamoja na namba ya siri. Kila tarehe ya mshahara alikuwa anakwenda pale dukani kupewa chenji ya hela yake mwenyewe. Chanzo kilikuwa ada ya muhula mmoja wa mtoto, muhula mmoja tu, aliodhani angeuziba akivuna alizeti.

Sasa tuje kwenye jina la chuo, maana shemeji yako si mjinga. Jina lina kazi yake. Ila kazi hiyo inategemea mtoto anasoma nini, na hapa watu wengi wanachanganya. Angekuwa anasoma sheria, ningekwambia jina lina uzito mdogo, kwa sababu mwanafunzi wa chuo chochote lazima apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School) kabla ya kuwa wakili, na pale wote wanakalia mtihani mmoja. Mhasibu ana mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu. Angekuwa anasoma udaktari, nisingeuliza jina hata kidogo, ningeuliza anajifunzia hospitali gani na ina wagonjwa wa aina gani. Kompyuta haina bodi ya mtihani inayowasawazisha wote mwishoni, kwa hiyo inaonekana kama jina la chuo ndilo litakaloamua. Mimi naona anayeamua ni kazi iliyokwisha kufanyika. Mwajiri anataka kuona ulichotengeneza.

Niliwahi kukaa kwenye jopo la usaili la taasisi moja iliyokuwa inatafuta mtengeneza programu. Kijana mmoja alitoka chuo cha nje, cheti kizuri, Kiingereza kinateleza. Mwingine alitoka chuo cha umma cha hapa nchini, shati limepigwa pasi kupita kiasi, anatafuta maneno. Tulipomuuliza huyu wa pili amefanya nini, akatoa simu, akafungua mfumo alioutengenezea chama cha akiba na mikopo cha mama yake, wanachama tisini na kitu, na akaanza kutuonyesha makosa yake: hapa riba ilikuwa inajumlishwa mara mbili, nikaigundua baada ya mama mmoja kulalamika, nikarekebisha hivi. Tulisahau muda. Alipata yeye.

Lakini nisikudanganye kwa hadithi moja. Katika usaili mwingine alishinda wa chuo kikubwa, na alistahili. Alijua kuuliza maswali. Alijua kusema "sijui, ningeanzia hapa." Hicho ndicho vyuo vya bei ghali huuza hasa: madarasa madogo ambamo mwalimu anakujua kwa jina, mazoea ya kusimama na kujieleza, na marafiki ambao baba zao wana kampuni. Na Nairobi kwa mambo ya kompyuta ni mji mkubwa, kampuni za dunia zina ofisi pale, na M-Pesa ilianzia Kenya mwaka 2007. Mwaka huohuo, kwa bahati, ndio UDOM ilianzishwa kule Chimwaga.

UDOM ina kasoro zake na lazima kijana aingie akizijua. Ni chuo kilichobuniwa kuchukua wanafunzi 40,000. Ndaki zimetawanyika kwenye vilima, jua la saa saba na upepo wa Dodoma unaujua mwenyewe. Katika vyuo vyetu vikubwa vya umma masomo ya mwaka wa kwanza hufundishwa kwenye kumbi zilizojaa, ukichelewa unakaa nyuma na husikii. Hakuna atakayemfuata kitandani kumuuliza mbona hukuja. Mtoto aliyezoea mama mwalimu anayekagua madaftari anaweza kupotea pale hadi sapu ya kwanza, yaani mtihani wa kurudia, imwamshe. Wapo wanaodisko, yaani wanaoondolewa chuoni kwa kufeli, na wengi wao si wajinga, wamezidiwa na uhuru. Hili naliogopa kuliko suala la cheti kujaa mtaani.

Shemeji anasema vyeti vya UDOM vimejaa mtaani. Ni kweli, chuo kikubwa hutoa wahitimu wengi, na wasio na kazi pia watakuwa wengi. Lakini kazi za serikali, ambazo kwa Dodoma ya sasa ndizo nyingi, zinaombwa kupitia Sekretarieti ya Ajira. Kijana anajaza kwenye mfumo, anaitwa, anafanya usaili wa kuandika pamoja na mamia ya wenzake. Karatasi ile haina kisanduku cha ada mliyolipa. Aliyesoma nje ana hatua ya ziada, cheti chake lazima kitambuliwe kwanza na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Si kazi ngumu kwa chuo kinachojulikana, lakini ni hatua.

Na kuna jambo ambalo mtu wa Arusha huenda hajaliona. Wakati sisi tunasoma, kijana mwenye kipaji alitakiwa kuondoka Dodoma. Leo wizara ziko Mtumba. Mamlaka ya Serikali Mtandao, ambao ndio wanaosimamia mifumo ya TEHAMA ya serikali, wana kituo chao cha utafiti na ubunifu ndani ya eneo la UDOM. Mwanafunzi wa kompyuta anayetafuta nafasi ya field, yaani mafunzo kwa vitendo, anaweza kwenda kwa daladala na barua yake mkononi, akakataliwa, akarudi wiki ijayo, akakataliwa tena, akarudi. Anayetoka mbali hana wiki ijayo. Kwa kozi hii, kwa miaka hii, ukaribu huo una thamani ambayo wengine wanauza viwanja kuifuata.

Hoja ya "kusomea nyumbani" naikubali nusu. Kijana asilale kwako. Hata kama ni mwendo wa bodaboda, apate kitanda hosteli za chuoni, na wewe ujizuie kumwita kila Jumamosi aje kubadilisha mtungi wa gesi. (Nawajua akina mama.) Mwaka wa kwanza aende akaishi na watu wa Kigoma na Mtwara na Pemba, agombanie zamu ya maji, apike wali ukaungua. Hilo litampa nusu ya kile anachodhani kiko Nairobi.

Sasa mkopo. Nani kakwambia mtoto wa mtumishi hapati? Maneno haya yanatembea kwenye vyumba vya walimu nchi nzima na yamewakosesha watoto wengi haki ya hata kuomba. Bodi ya Mikopo inapima uhitaji. Mtoto wa mtumishi anaweza kupata pungufu kuliko mwingine, anaweza kukosa awamu ya kwanza na kukata rufaa, lakini hakuna anayepata bila kuomba. Tena wa kwako amefiwa na baba, na kwenye fomu hilo lina sehemu yake, mradi liwe na ushahidi. Mkopo huo hauendi Nairobi. Unatolewa kwa waliodahiliwa kwenye vyuo vya hapa nchini, kwa hiyo ukichagua barua ile umeufunga mlango huu pia. Akiupata akiwa UDOM, ada yake, ambayo haifiki milioni 2 kwa mwaka, inapungua au inaisha, na bumu la kujikimu, ambalo lilipandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku, linamlisha bila wewe kuuza zabibu. Atalirudisha akiajiriwa, kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara. Yanauma, waulize vijana wa shuleni kwako. Yaliuma zaidi zamani, kabla ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo haijafutwa mwaka 2021. Lakini deni hilo ni lake, linaanza kukatwa akiwa na kazi, na halina mtu wa kuja kuchukua kadi yako ya benki. Na kama alisoma mchepuo wa sayansi, aangalie pia kama jina lake limo kati ya wanaostahili ufadhili wa Samia. Huo si mkopo, haurudishwi.

Kuhusu kiwanja, nina swali ambalo hukulitaja: mirathi ilifungwa? Unasema marehemu "alituachia". Hilo "tu" ni la watu watatu. Kama msimamizi wa mirathi alithibitishwa mahakamani na kiwanja kikagawanywa au kikaandikwa jina lako, una karatasi. Kama hati bado ina jina la marehemu, mteja makini hatanunua, na mteja asiye makini ndiye wa kuogopa zaidi, maana kesi itarudi kwako. Na hata karatasi zikiwa safi, sehemu ya kile kiwanja ni ya huyo wa kidato cha nne. Hajaulizwa. Baba yake alimwachia na yeye.

Nikuongezee jambo moja la kuchekesha kidogo. Iyumbu iko jirani na UDOM. Wanafunzi waliokosa hosteli wanapanga Ng'ong'ona, Makulu, na huko kwenu Iyumbu, na kila Oktoba wanapita nyumba kwa nyumba wakiuliza geto. Yaani mlikuwa mnataka kuuza ardhi iliyo mlangoni pa chuo kimoja ili kulipia chuo kingine. Sikwambii ukope ujenge, tafadhali, usinielewe hivyo. Nasema kiache. Kijana akianza kazi, mkapata kibali cha ujenzi cha Jiji, vyumba viwili vya kuanzia vinaweza kumlipia mdogo wake chakula cha chuo. Au kibaki nyasi tu kwa miaka mitano. Ardhi ya Dodoma haijawahi kumlaumu mtu kwa kusubiri.

Ningebadili jibu langu katika hali moja. Chuo cha Nairobi kikitoa ufadhili wa maandishi, wa miaka yote minne, unaolipa ada yote au karibu yote, na barua ikasema wazi anatakiwa kushika wastani gani ili asiupoteze. Si punguzo la mwaka wa kwanza, hilo ni chambo. Kijana aandike barua pepe leo kwa ofisi yao ya misaada ya fedha, aeleze hali bila kuona haya, aambatanishe matokeo. Vyuo vya aina hiyo huwa na mafungu ambayo hayatangazwi sana na yanakwenda kwa waliouliza. Wakisema ndiyo kamili, mfungie mizigo mimi nitakuwa wa kwanza kumpungia mkono. Wakisema hapana, Nairobi itakuwepo bado akimaliza digrii ya kwanza, na kwa shahada ya uzamili ufadhili ni mwingi kuliko wa shahada ya kwanza.

Shemeji usimkatalie kwa simu. Mpigie, mshukuru, mwambie mtoto anakwenda UDOM na kwamba ile milioni 11 si lazima yote. Muombe kompyuta mpakato nzuri, ya kweli, isiyo ya kuazima, na kifurushi cha intaneti cha kila mwezi kwa miaka mitatu. Ukijumlisha haifiki nusu ya ahadi yake. Hapo utajua pia kama ahadi ilikuwa na hela ndani au ilikuwa na maneno. Ni afadhali ujue mwezi huu kuliko ujue kijana akiwa mwaka wa kwanza Nairobi.

Kwa wiki hii, anza na makaratasi, maana dirisha la Bodi halimsubiri mtu na tarehe zake ziko kwenye tovuti yao. Cheti cha kuzaliwa cha kijana na cheti cha kifo cha baba yake vyote vinahitaji kuhakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, na hapo ndipo watu hukwama, si kwenye fomu yenyewe. Linganisha majina herufi kwa herufi. Nimeona mtoto aliyehangaika miezi kwa sababu cheti cha baba kilisema "Juma" na cha kwake kikasema "Jumaa". Fomu ikishajazwa inasainiwa na serikali ya mtaa na wakili au hakimu, na inataka mdhamini, ambaye unaweza kuwa wewe mwenyewe. Mtendaji wako wa mtaa mtafute asubuhi, kabla hajatoka kwenda kikaoni.